Skrini ya Kijani Si Ushahidi: Dhana Potofu Kuhusu Kujaribu Matoleo Mapya ya Programu za Kufuatilia Mtandao

Dhana: Kifurushi kimesakinishwa bila kosa na huduma inaendelea, basi jaribio limekwisha.

(Kifurushi hapa ni cha programu, si kile cha data unachonunua kwa simu.) Dhana hii ndiyo inayoumiza kuliko zote, kwa sababu programu ya kufuatilia mtandao ikiharibika haipigi kelele. Ruta ikizimika, watu wa ofisi watakuja kugonga mlango. Nagios, mojawapo ya programu hizo, ikiacha kuuliza vifaa kama viko hai, skrini inabaki kijani vilevile na kila mtu anakwenda zake nyumbani kwa raha. Kwa hiyo usiulize kama imewaka. Uliza kama itakuambia pale kitu kitakapokufa.

Ukweli ni kwamba lazima uue kitu. Kagua kwanza mipangilio kwa `nagios -v /etc/nagios/nagios.cfg`, kwenye Debian (mojawapo ya familia za Linux) amri ni `nagios4 -v /etc/nagios4/nagios.cfg`. Washa upya huduma. Kisha nenda kwenye mashine moja ya majaribio, zima seva yake ya wavuti na uangalie saa yako.

Hapa wengi huteleza. Wanangoja dakika tatu, ujumbe hauji, wanaripoti kwamba toleo jipya limevunjika. Piga hesabu kwanza. Ikiwa `check_interval` (muda kati ya ukaguzi) ni dakika 5, `retry_interval` (muda kati ya marudio baada ya hitilafu) ni 1 na `max_check_attempts` (idadi ya majaribio kabla ya kutoa ujumbe) ni 3, hitilafu inaweza kukaa hadi dakika 5 kabla haijaonekana mara ya kwanza. Halafu kuna marudio mawili ya dakika moja moja. Ujumbe ukifika dakika ya saba, hakuna kilichoharibika. Ongeza kidogo kwa ajili ya barua pepe yenyewe. Zikipita 10 kimya, hapo una hoja. Ukiirudisha seva ya wavuti, ngoja pia ujumbe wa kupona. Usipokuja, jaribio limefeli hata kama ule wa kwanza ulifika.

Dhana: Nimeendesha plagini (programu ndogo ambayo Nagios huitumia kukagua kitu kimoja) kwa mkono ikajibu OK, kwa hiyo ni nzima.

Uliiendesha kama nani? Kama ni `root`, mtumiaji mwenye mamlaka yote, hujajaribu kitu. Plagini kama `check_icmp` inahitaji ruhusa maalumu ya kutuma pakiti ghafi, na kusasisha kifurushi kunaweza kufuta ruhusa uliyoiweka kwa mkono. `root` hataliona tatizo hilo kamwe. Endesha kwa `sudo -u nagios`, ukitoa njia kamili ya faili: `/usr/lib/nagios/plugins` kwenye Debian na Ubuntu, `/usr/lib64/nagios/plugins` kwenye Fedora, Rocky na AlmaLinux za biti 64. Fundi aliyenakili mipangilio kutoka familia moja ya Linux kwenda nyingine atakutana na msimbo 127, maana yake amri haikupatikana. Misimbo halali ni minne tu: 0 sawa, 1 onyo, 2 hatari, 3 haijulikani.

Kwenye familia ya Fedora hata `sudo -u nagios` inaweza kukudanganya. Amri ya mkononi haibanwi na SELinux, mlinzi wa ndani wa Linux anayezuia programu kufanya zisichoruhusiwa, kama inavyobanwa huduma yenyewe, hivyo plagini inapita kwako na kukataliwa kwa Nagios. Angalia `ausearch -m AVC -ts recent` kabla hujamlaumu aliyetengeneza kifurushi.

Dhana: Kujaribu ni kazi ya watengenezaji huko Ulaya na Marekani.

Ghala za majaribio, ambako matoleo mapya husubiri kujaribiwa, ziko wazi kwa yeyote. Kwa EPEL, ghala la ziada la Rocky na AlmaLinux, ni `dnf --enablerepo=epel-testing upgrade 'nagios*'`; Debian ina `proposed-updates`, Ubuntu ina `proposed`, ambamo sasisho la toleo thabiti kwa kawaida hukaa siku 7 au zaidi. Ripoti inayosaidia hutaja toleo la zamani, toleo jipya, mfumo endeshi, na ulichokizima na kilichotokea. "Inafanya kazi" peke yake ni salamu tu.

Na fundi wa Gulu au Arua, nchini Uganda, ana kitu ambacho yule wa Ulaya hana: njia ndefu. Mipangilio ya mfano ya Nagios hutoa onyo la ping (pakiti kwenda na kurudi) ikizidi milisekunde 100 au ikipoteza asilimia 20 ya pakiti. Uganda haina bahari. Pakiti ya kwenda London hupitia pwani, Mombasa au Dar es Salaam, ndipo iingie kebo ya baharini, na milisekunde 100 huisha kabla haijarudi. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Aliyesasisha programu siku hiyo angeapa kwamba kifurushi ndicho kibovu. Rekodi vipimo vya siku nzima kabla ya kusasisha, kwa shabaha tatu: ruta yako, mashine iliyo Kampala, na mashine ya ng'ambo.

Dhana: Nikijaribu kwenye nakala ya seva, hakuna anayeathirika.

Nakala ina orodha ileile ya wapokeaji, na itamwamsha mkurugenzi saa nane usiku. Usizime ujumbe wote, maana utakuwa umezima kile unachotaka kukijaribu. Badilisha anwani ziwe zako. Nakala pia ina anwani mpya ya IP. Isipoongezwa kwenye `allowed_hosts` ya NRPE (programu inayoendesha plagini kwenye mashine ya mbali), utaona kosa la SSL linalofanana kabisa na ubovu wa kifurushi.

Dhana: Likiharibika, nitarudisha toleo la zamani.

Programu inarudi, data hairudi. Zabbix, programu nyingine ya kufuatilia mtandao, ikipanda toleo kubwa, seva mpya hubadilisha muundo wa hifadhidata inapowaka mara ya kwanza, na seva ya zamani itakataa kuufungua. Chukua nakala kwa `mysqldump` au `pg_dump` huduma ya Zabbix ikiwa imezimwa, hifadhidata yenyewe ikiendelea. Sasisha seva kabla ya ajenti (programu ndogo iliyo kwenye mashine zinazofuatiliwa): ajenti wa zamani husikilizana na seva mpya, kinyume chake hakina uhakika.

Jambo dogo linalokula data ya intaneti ya watu, kwa kuwalazimisha kupakua upya: `apt` hufuta faili za `.deb` baada ya kusakinisha, `apt-get` huziacha `/var/cache/apt/archives`. Nakili za zamani pembeni mapema. Na kwenye familia ya Fedora tafuta faili zenye `.rpmnew`, kwani mipangilio mipya huenda imelala humo.

Dhana: Umeme ukikatika, itajiwasha.

Chomoa uone, kwenye mashine ya majaribio. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi 4 na za kabla yake hazina saa yenye betri. Zikiwaka bila intaneti zinaanza na saa ya nyuma, na RRDtool, programu inayohifadhi vipimo vya grafu, hukataa vipimo vyenye muda uliotangulia wa mwisho. Grafu inakatika ilhali huduma ni kijani. Washa `systemd-time-wait-sync`, uongeze `After=time-sync.target` kwenye huduma ya ufuatiliaji, kisha chomoa tena.