Je, Wajua Kwa Nini Dublin Ina Eneo la Posta Liitwalo 6W?

Maeneo ya posta ya Dublin, mji mkuu wa Ireland, yamepangwa kwa utaratibu ambao mgeni anaweza kuushika kwa dakika moja. Mto Liffey umeligawa jiji pande mbili. Kaskazini ya mto kuna namba witiri: 1, 3, 5, 7 na kuendelea. Kusini ni shufwa: 2, 4, 6, 8. Kwa kawaida, namba ikizidi kuwa kubwa, ujue umezidi kwenda mbali na katikati ya jiji. Lakini upande wa kusini-magharibi kuna eneo moja linaloitwa 6W, nalo ni la pekee lenye herufi baada ya namba.

Herufi hiyo waliileta wakazi wenyewe. Mwaka 1985 eneo la 6 liligawanywa. Sababu ilikuwa ya kikazi tu: vitongoji vikijaa nyumba, eneo moja hulemewa na barua, na kuligawa kunawarahisishia kazi wachambuaji na wapeleka barua. Namba za kusini zilikuwa zimeshafika 24, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida eneo jipya lingekuwa 26. Wakazi wa upande uliokuwa unamegwa, wakiwemo wa Templeogue, Kimmage na sehemu ya Terenure, wakapinga. Hawakutaka 26. Posta ikalegeza kamba, wakabaki na 6 yao, ikaongezwa W ya magharibi.

Walichohofia ni thamani ya nyumba zao. Eneo la 6 ndilo la Rathgar na Ranelagh, mitaa ya nyumba za matofali mekundu zenye bei ya juu. Namba 24 ni Tallaght, na 22 ni Clondalkin, vitongoji vya mbali vilivyokua haraka kwa nyumba za watu wa kipato cha kawaida na cha chini. Mnunuzi anayesoma tangazo la nyumba huiona namba kabla hajaiona nyumba yenyewe. Akikuta 26 ataiweka karibu na 24 kichwani mwake, hata kama mtaa ni uleule, miti ni ileile na majirani ni walewale wa jana.

Mimi siwabezi watu hao. Kwa familia nyingi nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote, na mkopo wake hulipwa kwa miaka mingi. Tena namba ya posta huamua mambo mengine ya fedha: nchini Uingereza, kampuni za bima ya magari huangalia postikodi ya mteja zinapopanga kiasi atakacholipa. Linaloniuma ni upande wa pili wa ushindi ule. Kila aliyesema "tusiwekwe karibu na 24" alikuwa anasema jambo kuhusu watu wanaoishi 24, na hao hawakuwa wamemkosea mtu.

Mwaka 2015 Ireland ilianzisha mfumo mpya wa nchi nzima, Eircode, wenye alama saba, herufi zikichanganywa na tarakimu, kwa kila anwani. Tatu za mwanzo zinataja eneo: herufi moja na tarakimu mbili, kama D04 au D24. Nne za mwisho ni za anwani hiyo peke yake, na hazifuatani na za jirani. Faida yake ni kwamba nyumba mpya ikijengwa katikati ya mbili za zamani, hakuna anayelazimika kubadilishiwa namba. Ungedhani mageuzi makubwa namna hiyo yangeifuta 6W. Haikufutwa. Imo humo kama D6W, nayo ndiyo pekee nchini isiyofuata kanuni ya tarakimu mbili.

Kwetu Afrika Mashariki ugomvi wa aina hii haujapata nafasi kubwa, na sababu iko kwenye muundo. Kenya, namba ya posta hufuata ofisi ya posta lilipo sanduku lako, si nyumba unayolala. Ukiwa na sanduku la 00100 pale posta kuu ya Nairobi, unaweza kuwa unaishi mtaa wowote ule wa jiji, na namba haitakutambulisha.

Tanzania ni tofauti. Postikodi ya tarakimu tano hutolewa kwa kata, na mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti 23, nchi nzima ilifanya operesheni ya kuweka majina ya barabara na namba za nyumba. Lakini postikodi ya kata huwakusanya wote, wenye nacho na wasio nacho. Tazama 14111, postikodi ya kata ya Msasani jijini Dar es Salaam. Ndani ya kata hiyo kuna majumba ya kifahari ya Masaki na Oysterbay, na kuna Bonde la Mpunga, ambako nyumba zimebanana na mvua kubwa huwatoa watu usingizini kwa mafuriko. Wote ni 14111. Anayesoma namba hiyo kwenye bahasha hawezi kukisia mwenye barua ana gari au anapanda daladala.

Kata zetu, hata hivyo, hugawanywa kadiri watu wanavyoongezeka, na kata mpya huhitaji postikodi mpya. Siku Msasani ikigawanywa, mpaka ukapitishwa kati ya Masaki na Bonde la Mpunga, ndipo tutakapoona kama nasi tutagombea nani abaki na 14111.