Je, wajua bahasha ya zama za vita inavyomtaja aliyeandika na aliyeandikiwa?

Mtu amefariki, kasha lake linafunguliwa. Chini kabisa, chini ya kanga zilizokunjwa na hati ya shamba la mikarafuu, ipo bahasha moja iliyogeuka rangi ya udongo. Barua haimo. Juu pana jina, mtaa na mihuri ya Kizungu. Wajukuu wanaulizana: huyu ni nani, na kwa nini Bi Mkubwa aliiweka miaka themanini?

Jibu hupatikana mara nyingi kuliko tunavyodhani, ila wengi huanzia pabaya. Hulichukua jina, hulipiga kwenye intaneti, hawaoni kitu, bahasha inarudi kashani. Jina ndilo gumu kuliko yote juu ya bahasha ile. Liache kwanza, geuza bahasha utazame nyuma.

Nyuma ndiko posta zilikopiga mihuri ya kupitia na ya kufikia. Muhuri wa mbele unasema barua ilitiwa wapi, Wete au Chake Chake au Unguja mjini. Ya nyuma inasema ilipita wapi na ilifika lini. Hesabu siku baina yake. Wakati wa Vita vya Hitler kuchelewa miezi halikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa barua zilisafiri kwa meli na bahari ilikuwa na nyambizi. Novemba 1942 meli ya abiria Tilawa, iliyotoka Bombay kuja Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani na watu 280 wakafa. Kwa familia za Mji Mkongwe zenye jamaa Bara Hindi, njia hiyo ndiyo iliyokuwa njia yao ya barua.

Stempu nayo ina lake. Zanzibar ilikuwa na stempu zake zenyewe, zenye sura ya Sultani Khalifa bin Harub. Alitawala tangu 1911 hadi 1960, kwa hiyo sura peke yake haikupi mwaka. Lakini Novemba 1944 zilitoka stempu za kutimiza miaka 200 ya ukoo wa Al-Busaid, zenye jahazi na ramani inayoonyesha Unguja na Maskati. Bahasha yenye jahazi hilo haiwezi kuwa ya 1942, hata mzee aape. (Na tafadhali, stempu isibanduliwe. Utotoni wengi wetu tulizibandua kwa mvuke wa birika ili tubadilishane shuleni, na kila tulipobandua tulichana nusu ya muhuri wenye tarehe.)

Kama stempu haipo kabisa, usidhani imedondoka. Tazama kama pameandikwa O.A.S., herufi zinazoonyesha kwamba mwenye barua yuko vitani. Muhuri wake nao huenda usiwe na jina la mji bali herufi E.A. A.P.O. na namba. Hiyo ni posta ya jeshi la Afrika Mashariki, na namba iliwekwa makusudi ili adui asijue kikosi kiko wapi. Siku hizi wakusanyaji wa stempu wana orodha zinazoonyesha namba fulani ilikuwa wapi kwa tarehe fulani. Ukipata namba na tarehe, umeshapata mahali.

Hapo historia inaanza kusaidia. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, walipigana Uhabeshi 1941, wakaenda Madagascar 1942, wakapelekwa Siloni (Sri Lanka ya leo), kisha Bama (Myanmar ya leo). Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika mvua za 1944, na Desemba mwaka huo ikavuka mto Chindwin penye Kalewa. Ukiona S.E.A.C. kwenye anwani, hiyo ni kamandi ya Asia ya Kusini-Mashariki iliyoundwa 1943. Barua haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Sasa mtego. Kwenye pembe ya chini kushoto ya bahasha za askari mara nyingi pana sahihi ya haraka haraka, na kando yake muhuri wenye namba. Watu huirukia ile sahihi wakasema ndiye mwandishi, wakapoteza miezi wakimtafuta Mwingereza asiyewahusu. Huyo ni ofisa wa kikosi. Kazi yake ilikuwa kusoma barua za watu wake, kuhakikisha hawakutaja mahali walipo, kisha kutia sahihi. Barua za raia zilifunguliwa na mkaguzi wa serikali, aliyezifunga tena kwa ukanda wa karatasi ulioandikwa OPENED BY EXAMINER, pamoja na namba yake. Ukanda huo hauna maana kwamba mtu alishukiwa.

Tukishajua wakati na mahali, ndipo turudi kwenye jina. Namna yetu ya kuitana ni msaada na ni mtihani kwa pamoja. Juma bin Khamis ni watu mia. Ongeza bin Makame, wanabaki kumi. Ongeza kijiji, Konde au Makunduchi, wanabaki wawili, na huenda ni ndugu. Kwa hiyo andika mlolongo wote wa bin kama ulivyo, wala usiufupishe. Kumbuka pia kwamba karani wa jeshi aliandika alivyosikia: Khamis, Hamisi na Kamis wanaweza kuwa mtu mmoja. Kama pana namba ya askari, ishike hiyo, kwani haina matamshi mawili.

Kisha jiulize swali ambalo vitabu vya wakusanyaji wa Ulaya havilitilii mkazo: jina lililo juu ya bahasha ni la nani hasa? Askari asiyejua herufi za Kizungu alimwomba mwenziwe amwandikie anwani, na mwandiko unaouona si wake. Huenda barua ya ndani aliiandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu alizozipata chuo cha Kurani. Huku nyumbani napo watu wengi hawakuwa na sanduku la posta. Barua ilikwenda kwa mkono wa mwenye duka, mwalimu, sheha au mudiri (ofisa wa serikali aliyesimamia eneo), naye akaipeleka kwa mwenyewe. Maneno "kwa mkono wa" ndiyo ya kutafuta kabla ya mengine yote. Na usishangae ukikuta bahasha ya mke imeandikwa jina la shemeji yake. Maana yake ni kwamba bahasha moja inaweza kuwa na watu wanne: aliyesema, aliyeandika, aliyepokea na aliyesomewa.

Kama mkono wa kupokelea ni wa duka, kuna njia. Gazeti la Samachar, lililoanza 1903, la Kigujarati na Kiingereza, lilibeba matangazo ya wafanyabiashara wa mjini. Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zina majalada ya serikali ya wakati huo, na huko unaweza kukutana na mudiri au mwalimu wako. Majina ya mitaa uyaandike ya zamani na ya sasa: ukitafuta Creek Road usisahau kwamba leo ni Benjamin Mkapa Road.

Kwa askari aliyefariki vitani, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina daftari la bure mtandaoni. Mnara wa Rangoon, ulio Taukkyan, peke yake una majina karibu 27,000. Aliyerudi salama hayumo humo. Shajara za vikosi vya Bama ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, pale Kew, London, katika fungu la WO 172, lakini hizo humtaja ofisa kwa jina na askari kwa idadi. Na kwa Vita vya Kwanza, tume hiyo yenyewe ilikiri 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Kukosa jina daftarini si ushahidi kwamba mtu hakuwapo.

Ndiyo maana mimi naona safari ya barazani inatangulia ya Kew. Nenda kwa sheha wa pale panapotajwa, umwombe akuonyeshe nani mkubwa kwa umri, kisha soma mlolongo wa bin kwa sauti, polepole. Usiulize "unamjua?" Soma tu. Mzee atakukatiza kwenye jina la tatu.

Limebaki moja la kukagua: bahasha imekutwa nyumba ya nani? Ikikutwa kwa aliyeandikiwa, barua ilifika. Ikikutwa kwa aliyeandika, basi ilirudi, na pengine ina muhuri wa kurudishwa. Ikiwa hiyo bado ina barua ndani, na haijafunguliwa ila pale penye ukanda wa mkaguzi, basi mpaka leo msomaji wake ni mmoja tu, naye ni yule mkaguzi.