Je, wajua? Nyangumi wa Mtwara ana ukoo na kiboko wa Ruvuma

Kati ya Julai na Novemba, nyangumi wenye nundu hupita katika bahari ya Mtwara, na wavuvi wa Msimbati huweza kumwona mmoja akiibuka, akipuliza mvuke na kuzama tena. Hulazimika kuibuka kwa sababu yeye si samaki: ana mapafu, na mtoto wake hunyonya. Mnyama wa namna hiyo aliingiaje baharini?

Jibu limo katika visukuku vya mpito, yaani mabaki yaliyogeuka mawe ya viumbe waliochanganya sifa za kale na sifa zilizokuja baadaye. Nchini Pakistan, katika miamba yenye umri wa miaka milioni 50 hivi, ilipatikana mifupa ya Pakicetus, mnyama wa miguu minne ambaye hata hivyo mfupa wa sikio lake ulikuwa mnene kama wa nyangumi, na matundu yake ya pua yalikuwa mbele, karibu na ncha ya mdomo. Basilosaurus, aliyeishi miaka milioni 10 hivi baadaye na ambaye mifupa yake imejaa katika jangwa la Wadi Al-Hitan, Misri, alikuwa mnyama wa bahari kamili. Matundu ya pua yalikwisha kurudi nyuma, na miguu ya nyuma ilibaki midogo mno, ingawa goti na vidole vilikuwapo. Si lazima hawa wawe mababu wa moja kwa moja. Huenda ni ami tu.

Mpangilio huo, wa kale chini na wa baadaye juu katika miamba, haujavurugika. Mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, yaani dinosaria, yumo katika miamba ya miaka milioni 150 hivi, na hakuna nyangumi aliyepata kuonekana katika tabaka la umri huo.

Ushahidi unaonivutia zaidi ni kifundo cha mguu. Aliyewahi kuchinja mbuzi anakifahamu kile kimfupa chenye mfereji juu na chini, mithili ya kapi la jahazi. Ng'ombe na kiboko wanacho pia, na mwaka 2001 watafiti walitangaza kuwa wamekikuta kwa nyangumi wa kale wa Pakistan. Miaka michache kabla ya hapo, wapimaji wa vinasaba, bila kushika kisukuku hata kimoja, walikuwa wamekwisha kusema kwamba jamaa wa karibu zaidi wa nyangumi aliye hai leo ni kiboko.