Je, wajua kwa nini ubongo wa mbele wa kamongo unafanana na wetu kuliko ule wa tilapia?

Samaki wa Ziwa Edward wanaoletwa Goma kutoka Vitshumbi huhesabiwa wote kuwa samaki tu, lakini kwa ukoo kamongo, yule mrefu mwenye mapafu, yuko karibu zaidi na mtu anayemla kuliko na tilapia, na ubongo wake wa mbele unathibitisha jambo hilo.

Tofauti huanza katika kiinitete. Kila mnyama mwenye uti wa mgongo huanza na mrija wa neva wenye maji ndani, ambao ncha yake ya mbele huvimba na kugawanyika: nyuma hubaki diensefaloni, yenye talamasi, inayopitisha habari za milango ya fahamu, na haipothalamasi, inayosimamia mambo kama njaa na kiu, na mbele hutokea telensefaloni, ambayo kwetu hukua ikawa nusu mbili kubwa za ubongo. Kwa kamongo, kama kwa chura, ndege na binadamu, telensefaloni hututumka pande zote mbili, na kila upande ukuta wake hukizunguka chumba cha maji. Kwa tilapia na jamaa zake wenye mapezi yenye tindi, yaani vijiti vyembamba vinavyotandaza ngozi ya pezi, kuta hizo huinamia nje kama kurasa za kitabu kinachofunguliwa, na maji hubaki juu yake yakiwa yamefunikwa na utando mwembamba tu.

Kufunguka huko huhamisha mahali pa kila kitu. Ukingo wa juu wa ukuta, ambao kwetu huishia upande wa katikati na kuzaa hipokampasi, kiungo cha kukumbuka mahali na njia, kwa samaki hao hujikuta pembeni kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Seville, Hispania, walipoharibu sehemu hiyo ya pembeni kwa samaki wa dhahabu, samaki hao walishindwa kujifunza njia kwa kutumia alama za mazingira.

Kwa hiyo sikubaliani na ile ngazi iliyofundishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Ludwig Edinger wa Frankfurt, kwamba samaki wana ubongo wa kale, ambao sehemu yake ya mbele ni ya kunusa tu, na kwamba sehemu mpya ziliongezwa juu yake kadiri wanyama walivyoendelea. Lamprei, samaki asiye na taya ambaye ukoo wake ulitengana na wetu takriban miaka milioni 500 iliyopita, anaupinga mpangilio huo waziwazi: mwaka 2011 kundi la Sten Grillner, katika taasisi ya Karolinska huko Stockholm, lilionyesha kwamba viini vya ndani vya ubongo wake wa mbele, vinavyochagua mwendo upi uanze na upi uzuiwe, vimeunganishwa karibu sawa na vya mamalia. Ubongo wake wa mbele hupokea pia habari za macho, si harufu peke yake.

Mabadiliko ya tilapia, basi, ni njia ya pembeni iliyoanza baada ya koo mbili za samaki wenye mifupa, ule wa tilapia na ule wa kamongo na sisi, kuachana, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Njia hiyo husomeka vizuri zaidi kwa polipteri, samaki wa magamba magumu anayeishi katika mto Lualaba, kwa sababu kwake ukuta umebaki mwembamba na umejipinda mara moja tu, ilhali kwa tilapia umenenepa hadi mpangilio wake wa awali ukawa mgumu kutambulika.