Ukoko kwenye nozeli

Kijana mmoja wa Canter aliniletea nozeli nne, vile vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya injini, hapa kwenye karakana yangu mtaa wa Gerezani, Dar. Gari linagoma kuwaka asubuhi, likiwaka linatoa moshi mweupe. Nilipozishika, ncha zote zilikuwa na masizi magumu kama ukoko wa wali.

"Umeweka nini kwenye tangi?"

"Shikamoo kwanza fundi. Nilisikia kuna dizeli ya mimea, nikachuja mafuta ya chipsi, nikamimina."

Nilicheka, ingawa hajakosea sana. Kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini mafuta ya kula ni mazito kuliko dizeli kwa mara kumi na zaidi. Nozeli inatakiwa ipulize ukungu; yakiwa mazito hivyo yanatoka matone, hayaungui yote, yanayobaki yanagandia pale pale.

Kinacholeta uzito ni gliserini, na ndiyo tunayoiondoa. Lita moja ya mafuta masafi unaipasha mpaka nyuzi 55 hivi, unatia mililita 200 za methanoli (aina ya alkoholi) iliyoyeyushiwa gramu 3.5 za kostiki soda, unakoroga saa nzima, kisha unaacha itulie. Gliserini inazama chini, nyeusi kama asali ya nyuki wadogo. Juu inabaki biodizeli, ndiyo hiyo dizeli ya mimea, unaiosha kwa maji na kuikausha. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yana asidi, kwa hiyo yanataka kostiki soda zaidi, na lazima upime asidi yake kwanza. Maji nayo yakiwemo kabla ya kupika, unapata sabuni. Mara yangu ya kwanza nilipata ndoo nzima, tukafulia maovaroli mwezi mzima. Methanoli ni sumu, inapofusha, na mvuke wake unashika moto upesi. Usiipeleke jikoni kwa mama watoto.

Ukishaipata, anza kwa kuchanganya lita moja na tisa za dizeli ya kawaida. Biodizeli inang'oa uchafu wa miaka yote uliolala kwenye tangi, kwa hiyo weka filta ya akiba garini. Mipira ya zamani ya mafuta inalainika na kuvuja. Biodizeli ya mawese inafaa joto la Dar, ila ukilala Njombe mwezi wa saba utaikuta imeganda.

Nozeli mbili zimepona. Mbili bado zinadondosha, akanunue nyingine. Dumu lake la mafuta ya chipsi liko kwenye kona ya karakana. Jumamosi anakuja tuyapike.