Shahada ya sanaa za mapambo: yanayosemwa na yalivyo

Mwambie mtu mtaani kwamba unaomba shahada ya uzamili ya sanaa za mapambo, na swali litakalokujia ni moja: kwa hiyo utapamba kumbi za harusi? Swali halina ubaya. Kwetu mapambo ni satini, maua na taa za ukumbini, na wanaoifanya kazi hiyo wanaijua. Lakini programu zinazobeba jina hili zinafundisha jambo jingine, na kwa sababu ya jina tu, vijana wenye jicho la kuzisoma wanazipita. Hilo linaniuma. Mtoto aliyekulia Lamu au Unguja, aliyekatazwa tangu utotoni asiguse kibakuli cha bibi kilicho kidakani, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vyombo, ameyaanza masomo haya kabla hajajua kusoma.

Mifano yangu mingi itatoka kwenye programu mbili za Marekani. Ya kwanza ni ya Winterthur, jimbo la Delaware. Henry Francis du Pont aliifungua nyumba ya ukoo wake iwe makumbusho mwaka 1951, nyumba yenye vyumba 175 vilivyojaa samani na vyombo vya Wamarekani wa zamani. Mwaka uliofuata, makumbusho hayo pamoja na Chuo Kikuu cha Delaware yakaanzisha programu ya uzamili ya miaka miwili, na bado ipo. Ya pili ni Bard Graduate Center, iliyoanzishwa na Susan Weber mwaka 1993 huko Manhattan, New York. Hapo mtu husoma hadi uzamivu.

Dhana: Ni kozi ya kupamba nyumba

Hakuna anayefundishwa kupanga mapazia. Sanaa za mapambo ni viti, makabati, vyombo vya udongo na vya fedha, glasi, saa, vitambaa, karatasi za ukutani: vitu vilivyotengenezwa vitumike na vipendeze kwa pamoja. Mwanafunzi huvihoji kama mwanahistoria anavyoihoji barua. Charles Montgomery, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa Winterthur, aliandika mwaka 1961 hatua 14 za kukikagua kitu. Unaanza na sura yake kwa jumla, unapita kwenye umbo, nakshi, rangi, malighafi, ufundi, desturi za karakana, matumizi, na kuendelea hadi waliowahi kukimiliki na hali kiliyo nayo leo. Thamani yake inakuja mwisho kabisa. Mpangilio huo naupenda sana, kwa sababu wengi wetu tukiona kitu cha kale tunaanza na bei.

Chukua kabati la karne ya 18. Uso wake ni mahogani iliyovushwa kutoka visiwa vya Karibi, na mahogani ilifika miji yote, kwa hiyo haikwambii mengi. Vuta droo, au mtoto wa kabati kama wazee wanavyosema, uipindue. Ndani na chini fundi alitumia mbao rahisi ya jirani, mahali ambapo mgeni hatazami. Mbao ya tulipu popla inakuelekeza Philadelphia, msonobari mweupe unakuelekeza Boston. Ni dalili, na mwanafunzi hufundishwa asihukumu kwa dalili moja, lakini huko droo zilikochongwa ndiko elimu iliko.

Dhana: Kila kitu hushikwa kwa glavu nyeupe

Filamu ndizo zilizoeneza hili. Glavu za pamba huteleza kwenye kauri iliyong'arishwa na kwenye glasi, nyuzi zake hunasa kwenye mbao iliyopasuka au dhahabu inayobanduka, na vidole vilivyofunikwa havisikii ufa. Kauri hushikwa kwa mikono mitupu iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Fedha, shaba na pembe ndizo zinazotaka glavu, siku hizi zile nyembamba za mpira wa nitrile, kwa sababu chumvi na mafuta ya ngozi huacha alama ambayo baada ya muda huila metali.

Kanuni nyingine utazisikia wiki ya kwanza, na mwaka wa pili bado utakuwa unazisikia. Pete, bangili na kitambulisho cha shingoni vivuliwe. Kalamu ya wino isiingie, penseli tu. Mkoba, maji na chakula vibaki nje. Kiti hakiinuliwi kwa mikono yake wala kwa mgongo. Unakishika kwenye fremu ya kalio. Buli haliinuliwi kwa mkono wake, kwa kuwa mkono huenda uligundishwa miaka 100 iliyopita na gundi imechoka. Ondoa kifuniko kwanza, kisha libebe kwa kitako, mikono miwili. Ujue utakakokiweka kitu kabla hujakigusa. Na usimpe mwenzako kitu mkononi: kiweke mezani, naye akichukue mezani. Ajali nyingi hutokea pale mmoja anapodhani mwingine ameshashika.

Kitu kikivunjika, unasema papo hapo, na hata kichembe hakitupwi. Kuficha ndilo kosa lisilosameheka. Mwanafunzi aliyelelewa kuogopa lawama za mwalimu huona sera hii ngumu, lakini kichembe kilichookotwa mapema hurudi mahali pake.

Dhana: Mwanafunzi mwema hukaa kimya akasikiliza

Hapa wengi wetu tunaumia. Semina ina watu wachache, darasa zima halijazi hata daladala. Kila mtu amesoma kurasa nyingi usiku uliotangulia, na kushiriki kwenye mjadala kunahesabiwa alama. Ukimya ambao kwetu ni heshima, pale husomeka kuwa hujasoma. Kumpinga profesa kwa hoja si utovu wa adabu. Ukitaka endelea kumwita Profesa, ila mpinge. Anayeanza kuzungumza dakika kumi za kwanza hata kwa swali dogo huona mambo yanalegea.

Maisha yenyewe hutofautiana kwa mahali. Bard iko Mtaa wa 86 Magharibi. Ukivuka bustani ya Central Park kwa miguu uko Metropolitan Museum, lakini kodi ya chumba New York hukata pumzi. Winterthur iko mashambani karibu na Wilmington, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Delaware iko Newark, jimbo hilohilo, na bila gari au mwenzako mwenye gari siku inakuwa ndefu.

Dhana: Ni historia ya vitu vya matajiri wa Kizungu, sisi haituhusu

Hii ndiyo dhana ninayotaka kuing'oa kabisa.

Anza na vanishi. Karne ya 19 samani za Marekani ziling'arishwa kwa vanishi zilizopikwa kwa sandarusi, utomvu wa miti ulioganda, na sandarusi iliyosifiwa sana ilichimbwa ardhini kwenye pwani ya Mrima, mkabala wa Unguja. Ilipotolewa udongoni ilikuwa chafu, na ikishasafishwa ngozi yake huonyesha vipele kama vya kuku aliyenyonyolewa. Meli za Salem, Massachusetts, ziliibeba kutoka Unguja, na huko Salem kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Mtu anayechunguza mng'ao wa meza ya Boston bila kujua waliochimba sandarusi amesoma nusu ya meza.

Meli hizo hazikuja tupu. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, biashara ilikua, na kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kikashika soko hadi bara. Tukakiita merikani, na jina lipo hadi leo. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa viwandani Massachusetts, ikavaliwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe mpaka pwani. Na pembe? Connecticut kuna mji unaoitwa Ivoryton, mji wa pembe, uliopata jina kwa kukata pembe za ndovu kuwa vibonye vya piano. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilipitia Unguja. Piano ya sebuleni kwa familia ya Kimarekani ilikuwa na mkono wa mpagazi ndani yake.

Upande wetu nako kuna mengi ya kuulizwa. Makaburi ya Kunduchi, Dar es Salaam, yalipambwa kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo. Siwa ya Pate, baragumu la sherehe lililochongwa kwa pembe ya ndovu, iko Makumbusho ya Lamu. Kiti cha enzi, milango ya nakshi, vidaka vya plasta: kila kimoja kinaweza kubeba tasnifu nzima. Mwaka 2017 Prita Meier na Allyson Purpura walifungua maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili kwenye Krannert Art Museum, Illinois, yenye vitu vilivyoazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2018 yakahamia Smithsonian, Washington. Milango imefunguliwa. Wanaopungua ni watafiti wanaosikia Kiswahili kama lugha ya mama na wanaojua kwamba kidaka kina adabu zake.

Dhana: Mhifadhi ni mhifadhi

Neno letu mhifadhi hubeba watu wawili. Mmoja husimamia mkusanyo, huutafiti na kuandaa maonyesho. Huyu ndiye anayelelewa na programu ninazozisema. Mwingine hutibu kitu kinachooza au kilichovunjika, na yeye husoma programu tofauti. Ile ya Winterthur na Delaware ilianza mwaka 1974, huchukua miaka mitatu, na huingii bila kemia. Ukizichanganya programu hizi mbili kwenye barua ya maombi, msomaji anagundua kwenye aya ya kwanza.

Dhana: Kama huna baba tajiri, usijisumbue

Winterthur huwasamehe ada wanaochaguliwa na kuwapa posho ya kujikimu. Ndiyo maana nafasi ni chache na ushindani ni mkali. Bard hutoa misaada kwa viwango tofauti. Jambo la kuangalia ni viza. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Fildi ya nje ya chuo inahitaji idhini kupitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya siku ya kwanza ya kazi, hata kama mwalimu wako ndiye aliyekutafutia nafasi. Usikubali kuambiwa karatasi zitafuata baadaye. Ukimaliza masomo unaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi inayolingana na ulichosomea.

Dhana: Ukihitimu utakuwa mtu wa kutaja bei

Ndugu watakuletea vitu uwathaminie. Makumbusho ya Marekani kwa kawaida hayaruhusu wafanyakazi wake kumtajia mtu bei ya kitu chake, na anayekusanya binafsi vitu vya aina ileile inayokusanywa na makumbusho yake hutakiwa kulitangaza hilo wazi. Mwanafunzi huzoezwa kuuliza kitu kimetokaje kwao, swali lililopata nguvu zaidi baada ya mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni. Kuhusu pembe, tangu mwaka 2016 Marekani imebana karibu biashara yote ya pembe za ndovu wa Afrika. Bangili ya pembe uliyorithi kwa nyanya iache nyumbani, upige picha tu.

Dhana: Lazima uwe unajua kuchora

Hakuna atakayeomba michoro yako. Wanaoingia wametoka kwenye historia, akiolojia, anthropolojia, fasihi, usanifu majengo. Utaombwa barua za waliokufundisha, maelezo ya unachotaka kuchunguza, na sampuli ya maandishi, na sampuli ndiyo inayopima jicho lako.

Ukikosa pa kuanzia, muombe bibi ruhusa ya kukishusha kile kibakuli. Osha mikono, vua pete, tandika taulo mezani. Kipindue. Pwani yetu ilipokea bakuli nyingi za Ulaya karne ya 19, na huenda ukakuta kitakoni chapa ya mnyama mwenye kichwa cha mtu, na neno Maastricht. Ni mji wa Uholanzi, na chapa ni ya kiwanda cha Petrus Regout. Kisha muulize bibi kilifikaje kidakani, nani alikipokea harusini, na kwa nini hakikuwahi kutiwa mchuzi. Andika anavyosema, kwa maneno yake, kabla hujaandika lako.