Mzaha mlangoni mwa thieta: unamsaidia nini mgonjwa, na unamuumiza wapi

Juzi kati tulipata mzee wa Kichaga, miaka 70 na kitu, amekuja kufanyiwa operesheni ya ngiri. Alipofikishwa nje ya mlango wa thieta nikamfunga mkanda wa presha, nikamwekea na kile kibanio cha kidoleni, mashine inasoma mapigo 118. Mtu amelala tu, hajainua hata ndoo ya maji, moyo unakimbia kama ametoka kupanda kilima. Nikamuuliza mzee unaogopa nini, kisu? Akaniambia hapana mwanangu, kisu hakinitishi, naogopa kutoamka.

Hiyo ya kutoamka tunaisikia sana sisi wa idara ya usingizi. Nikakaa naye nikamweleza dawa ya nusu kaputi inavyoingia, kwamba nitakuwa kichwani kwake muda wote siendi popote, na nitamwamshaje. Akaitikia lakini mapigo yako pale pale. Sasa nesi wetu mmoja, Mpare, alikuwa anapanga vifaa pembeni, akasogea akamwonyesha sarafu ya shilingi 500, akamwambia "babu usihofu, hii hapa nimeiandaa, ukichelewa kuamka naigonga sikioni kwako, utainuka mwenyewe." Mzee akanyanyua kichwa: "Mpare ametoa mia tano mfukoni mwake mwenyewe? Basi nimeshapona, nirudisheni nyumbani!" Akacheka mpaka kitanda kinatikisika. Nikaangalia mashine, 92.

Kwa wasioujua utani wa Wachaga na Wapare, unasemwa siku nyingi kwamba Mchaga akifa mpigie sarafu sikioni uhakikishe, maana kama hajafa ataamka kuidaka, na Mpare naye anasemwa hatoi hela yake hata iweje. Kwa hiyo nesi alimtania mzee kuhusu kitu kile kile anachokiogopa, kufa, na mzee akamrudishia. Mimi ni Msukuma, ningesema maneno hayo hayo mimi, kwa mzee ambaye hanijui, ingekuwa tusi na angekuwa na haki ya kukasirika.

Naandika haya kwa sababu siku hizi watu wengi wamesikia kwamba kicheko ni dawa, basi ndugu wanakuja wodini kuchekesha wagonjwa hovyo hovyo, na hata sisi watumishi tunajisahau. Kicheko kinasaidia kweli, ila kinasaidia pale mgonjwa anapokuwa ndiye mwenye mzaha, amekubali, au amechagua, au anaweza kukujibu. Wazee wetu waliliweka hilo vizuri kwenye utani, Wahehe na Wangoni, Wazaramo na Wanyamwezi, babu na mjukuu. Mtani anakuja hadi msibani anatania marehemu na wafiwa wanatabasamu, lakini si kila mtu ana ruhusa hiyo, na kila mtu anajua nani anayo.

Tuje mwilini sasa. Mtu akiogopa, mwili unamwaga adrenalini, mapigo yanapanda, presha inapanda, misuli inakaza, mdomo unakauka (na hapo hajala toka saa 6 usiku). Mgonjwa aliyeingia na hofu kubwa mara nyingi anahitaji dawa nyingi zaidi ili alale, na akiamka anasikia maumivu zaidi ya mwenzake aliyeingia ametulia, japo kidonda ni kile kile. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama geti, taarifa ya maumivu haipiti moja kwa moja kwenda kwenye ubongo, geti hilo linaweza kufunguliwa zaidi au kubanwa, na hofu ni mojawapo ya vitu vinavyolifungua. Ndio maana tunahangaika na hofu ya mgonjwa, sio kwamba tunambembeleza tu.

Na kicheko je? Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na wenzake mwaka 2011 walitoa utafiti wao, waliwaonyesha watu video za vichekesho na wengine video za kawaida, halafu wakawapima kuvumilia maumivu, mkono unavalishwa kitu cha baridi kali kilichotoka kwenye friza, au mkanda wa presha unajazwa upepo mpaka mtu aseme basi inatosha. Waliocheka walivumilia zaidi, na hawa watafiti wanaamini ni kwa sababu kicheko chenyewe, kile cha kutoka tumboni mpaka pumzi inakwisha, kinaufanya ubongo utoe endofini, ambazo ni dawa za maumivu tunazozaliwa nazo. Kufurahi tu kimoyomoyo hakukutosha.

Lakini ninaoupenda zaidi ni utafiti wa Marekani wa mwaka 1996, wa James Rotton na Mark Shats, kwa wagonjwa waliotoka kufanyiwa operesheni za mifupa. Waliowekewa filamu za kuchekesha na wakapewa nafasi ya kuchagua wenyewe waliomba dawa ndogo ndogo za maumivu kwa uchache kuliko wengine. Waliolazimishwa kuangalia vichekesho ambavyo hawakuchagua mambo hayakwenda hivyo, wao walihitaji dawa zaidi. Yaani kichekesho usichokitaka kinaweza kuwa mateso juu ya mateso. Kwa hiyo ukitaka kumpelekea mgonjwa wako vichekesho, mpe simu na hedifoni achague mwenyewe, kuna wa marehemu King Majuto, kuna wa Joti, kuna anayetaka mawaidha au kwaya na hataki kucheka kabisa, muache.

Kwa upande wa watoto, wenzetu wa nje wameenda mbali. New York, mwaka 1986, Michael Christensen wa kundi la sarakasi la Big Apple Circus alianza kupeleka wachekeshaji wa pua nyekundu kwenye wodi za watoto, na jambo hilo limesambaa nchi nyingi. Kule Florence, Italia, utafiti wa mwaka 2005 ulichukua watoto 40, nusu wakasindikizwa na mzazi pamoja na wachekeshaji mpaka wanapopewa dawa ya usingizi, na hao walikuwa na hofu ndogo kuliko walioingia na mzazi peke yake. Ila watumishi wengi wa thieta pale, pamoja na kukiri kwamba watoto wamefaidika, hawakutaka iendelee kwa sababu ilikuwa inawavurugia kazi. Nawaelewa kabisa. Sisi huwa tunampulizia mtoto glavu tunaichora macho inakuwa kuku, dakika moja tu, na mzazi akiwa pale inatosha sana.

Sasa upande unaouma. Niliwahi kufanya kazi sehemu moja, mama yuko mezani anafanyiwa operesheni ya uzazi kwa sindano ya mgongo, maana yake chini kumekufa ganzi ila masikio yanasikia kila kitu. Upande wa pili wa pazia mmoja wetu akatania kuhusu mafuta ya tumbo, akasema leo tunachimba kisima, wakacheka wote. Mimi niko kichwani kwake, nikaona chozi linatoka kona ya jicho linateremka hadi sikioni, nikalifuta na pamba. Kesho yake nimepita wodini kumwangalia akaniuliza, ananyonyesha huku ananiangalia usoni, "walikuwa wananicheka mimi?" Nilimwomba radhi, nikamwambia haikupaswa kutokea. Kama yamekukuta haya una haki ya kulalamika kwa mganga mfawidhi, wala sio utovu wa shukrani.

Jingine, msidhani kila anayecheka ana raha. Mwaka 1962 pale Kashasha, Kagera, wanafunzi 95 kati ya 159 wa shule ya bweni ya wasichana walipatwa na kicheko kisichozuilika kinachochanganyika na kilio, shule ikafungwa mwezi Machi, na waliochunguza hawakuona ugonjwa wa mwili, walioandika baadaye wengi wanasema ni msongo. Nami nikiona mgonjwa anacheka cheka bila kituo nje ya thieta, anatania kila anayepita, huwa nasimama namshika mkono namuuliza kama kuna kitu hakijamkaa sawa. Wengi wananyamaza, halafu wanasema.

Baada ya operesheni dawa ya maumivu ndiyo kwanza. Kicheko hakichukui nafasi yake na usikubali mtu akuambie jikaze ucheke. Ukiulizwa maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10 sema namba yenyewe. Mwenye kidonda cha tumboni akitaka kucheka au kukohoa ashike mto, aukandamize juu ya kidonda kwa mikono miwili, itauma kidogo lakini kwa kawaida nyuzi hazikatiki kwa kicheko. Ikitokea kidonda kimeachia au yanatoka majimaji ya rangi ya damu iliyopauka, aitwe nesi saa hiyo hiyo. Aliyefanyiwa jicho afuate maelekezo ya daktari wake. Na anayesubiri majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara, au amejifungua mtoto hayupo, hapo mzaha ukae nje ya mlango, hata wa mtani.

Mkija saa ya kuona wagonjwa jioni, na yule mjomba mchekeshaji yuko nanyi, pitieni kwanza kwa nesi muulize kama mgonjwa ameshapata dawa ya saa hiyo. Kama bado, mjomba asubiri kwenye benchi pale nje, nusu saa hivi.